Kiti cha Tupokigwe

Hivi wewe unayenisikiliza, ukiamka asubuhi ukakuta mikono yako iko nchi nyingine, utaanza kuitafuta wapi?

Usicheke. Mimi ilinitokea. Mpaka leo nikiitazama hii mikono, na mishipa yake iliyosimama na kovu la panga hapa kwenye kidole gumba, kuna wakati najiuliza kama imerudi yote. Ngoja nikueleze taratibu, na pale nitakapochanganya univumilie, maana hata wakati yanatokea nilikuwa nimechanganyikiwa.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya Tukuyu, upande ambao ukungu ukishuka asubuhi humuoni hata kuku wako mwenyewe. Naishi na mjukuu wangu Tupokigwe. Wengi wanamwita Tupo. Sebuleni kwetu, katikati ya kochi langu lenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe na kabati la vyombo, kulikuwa na kiti cha Kampuni ya Mikono Mirefu. Cheusi, kirefu mgongoni kama kile cha kinyozi, kina glavu mbili zinazoning'inia na miwani mikubwa inayofunika nusu ya uso. Watu wakija kutusalimia walikuwa wanakiangalia kwanza kiti, halafu ndipo wananiangalia mimi.

Usishangae. Wakati huo vijana walikuwa wengi kuliko kazi, wengi mno. Shule ya hapa bondeni ilikuwa inasomesha kwa zamu tatu, wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, na bado wengine walisoma wamesimama. Na kule kwenye nchi za baridi, nyumba zimejaa wazee watupu, hakuna wa kumpa mtu hata glasi ya maji. Ndipo vikatokea viti. Kijana anakaa hapa Tukuyu, anavaa glavu, na kule mbali chombo cheupe chenye magurudumu kinanyoosha mikono kama yeye anavyonyoosha. Kila kijana alipewa miaka minane ya kiti, basi. Ikiisha anapisha mwenzake. Tupo alikuwa amekaa mitatu.

Sasa, Tupo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Lugano, na kitovu kilikuwa hakijadondoka bado. Nilikuwa jikoni nachochea kuni nichemshe maji ya kumkandia, nikasikia mlango wa chumbani unalia. Nikatoka. Nikamkuta ameshika ukuta, kanga imemtoka begani, uso hauna damu.

"Unakwenda wapi?"

"Bibi, kiti kinapoa."

"Kipoe. Kwani ni uji?"

Hakucheka. "Kikipoa siku tatu wanampa mwingine. Leo ni ya tatu. Walinipa ruhusa ya kujifungua, ruhusa yenyewe imeisha kabla sijajifungua, mtoto amechelewa. Si kosa lao, si kosa la mtoto." Akaanza kulia. "Foleni ya viti unaijua, Bibi. Nikiingia mwisho wa foleni nitafikiwa nikiwa na umri wako."

"Mzazi hatoki ndani kabla ya arobaini," nikamwambia. "Sijawahi kuona mzazi wa siku chache anakwenda kuhudumia watu. Rudi ukalale."

"Kwani natoka, Bibi? Mwili unabaki hapa hapa sebuleni. Inayokwenda ni mikono tu."

Nilisimama na mwiko mkononi, sijui kwa nini nilikuwa nimeshika mwiko. Mikono ikienda na mwili ukabaki, mtu ametoka au hajatoka? Mama yangu aliyenifundisha mambo ya arobaini hakunifundisha hilo. Lakini nikaona jambo moja nalijua. Zamani tukichuma chai, mwenye kibarua akiugua, mtu wa nyumbani anachukua kapu lake anakwenda kushika nafasi. Msimamizi anataka kapu lijae. Jina la aliyelijaza hamuulizi mtu.

"Weka kidole chako kwenye kiti kikutambue," nikamwambia, "halafu urudi kitandani. Nitakaa mimi."

"Wewe? Bibi, kiti ni cha vijana. Sheria imesema miaka kumi na minane mpaka thelathini na tano."

"Kitajuaje? Kina macho?"

Akanitazama. Nafikiri alitaka kubisha, ila mtoto akalia, na maziwa yakamtoka palepale yakalowesha kanga. Akaweka kidole.

*

Alinifundisha kwa kupiga kelele kutoka chumbani. "Glavu inasikia misuli yako, Bibi! Usikaze! Ukikunja kidole, chombo nacho kinakunja! Kile kikigusa kitu, na wewe utahisi!"

"Nahisi baridi!"

"Umeshika dirisha!"

Kweli nilikuwa nimeshika dirisha. Nje yake kulikuwa kweupe, theluji imelala juu ya miti, juu ya uzio, kila mahali, kama mtu amemwaga unga wa sembe akashindwa kuzoa. Na wakati huohuo puani kwangu nilikuwa nasikia harufu ya maharage yangu yanayoanza kushika chini. Harufu haisafiri, unaona. Macho yalikuwa huko, vidole huko, pua Tukuyu. Kichwa kilizunguka, nikataka kutapika, na sikujua nikitapika nitachafua nyumba ya nani.

"Umechelewa, binti," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka, chombo nacho kikageuka. Alikuwa bibi wa kizungu, mwembamba kama ufito, kitandani, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja. Huyo ndiye Bi Vendela. Umri wake tisini na moja. Alisema lugha yake, na ndani ya miwani nikaisikia kwa Kiswahili, na mimi nikizungumza yeye alinisikia kwa lugha yake, na kwa sauti ileile ya chombo aliyoizoea.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Hujawahi kuniita mama," akasema. "Haya, niamshe."

Siku za kwanza niliharibu vitu. Nilivunja kikombe. Nilimvalisha soksi juu chini. Alinifokea, na chumbani Tupo anasikia nusu ya mazungumzo, ile yangu, anauliza, "Anasemaje? Bibi, anasemaje?" nami namjibu, na Bi Vendela kule anauliza, "Unaongea na nani?" Nikawa sijui nimjibu nani kwanza. Mara nyingine nilimjibu Tupo maneno ya Vendela. Nilimwambia mjukuu wangu ameze vidonge, nikamwambia Bi Vendela ampe mtoto titi la kushoto.

"Titi gani?" akauliza, macho yamemtoka.

Ndipo ikaja ile siku. Nilikuwa nimetenga maji ya kumkandia Tupo, yanachemka, na nasikia mvuke wake na majani ya mchaichai niliyotia. Kiti kikaita, nikakimbia kukaa. Bi Vendela alikuwa hajaamka vizuri, amejikunja, analalamika kiuno. Nikachukua taulo. Nikaenda bafuni kwake, nikalichovya kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikalipiga mara mbili hewani lipoe kidogo, nikamgeuza, nikaanza. Kiuno kwanza, kwa kusukumia juu. Halafu nyonga, nabana huku na huku. Halafu tumbo, polepole, napandisha. Wallahi nilidhani namkanda Tupo. Nilikuwa nanusa mchaichai wa Tupo! Hata maneno nilimwambia ya mzazi: kaza, achia, kaza, mifupa irudi mahali pake.

Akapiga ukelele mmoja, na ukelele huo ndio ulionizindua. Nikaona mgongo mweupe wenye madoadoa. Nikaachia taulo.

"Mungu wangu, nimekuumiza! Nisamehe, mama, nilikosea, nilidhani wewe ni—"

"Nani amekwambia uache?" akasema, uso umezama kwenye mto.

Nikasimama.

"Binti, nimekuuliza. Nani amekwambia uache?"

Basi nikalichovya tena taulo.

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi ninakanda mara mbili, mmoja huku mwenye maziwa, mmoja kule mwenye miaka tisini na moja. Tupo nilimkanda kwanza kabla ya kiti, kwa sababu mzazi ndiye mwenye haki. Ila siku moja alinishika mkono. "Bibi, leo umenikanda haraka haraka. Unawahi wapi?"

"Nawahi kiti chako," nikasema. "Au unataka kipoe?"

Akaniachia mkono.

Bi Vendela hakuwa mpole. Alikuwa mkorofi kama mimi. Alinituma. Lete hiki, peleka kile, si hapo, pale, wewe binti mbona mzito hivi. Nikirudi upande huu, watoto wa jirani wananipokonya ndoo: "Bibi, lete, pumzika." Nikishika jembe, anatokea kijana ana cheti anasema hilo tuta ni zamu yake, amepangiwa na mtaa. Hata kufagia uwanja wa kanisa kuliandikiwa vijana zamu. Sisi wazee tulijengewa ukumbi, tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunapewa chai, tunaimbishwa nyimbo za chekechea na msichana mwenye kipaza sauti. Tulipigiwa makofi kwa kunyanyua mikono tu.

Siku moja, nimemaliza kumkanda, Bi Vendela akashika mkono wa chombo. Nilihisi vidole vyake, vyepesi, vikavu.

"Wewe si yule wa zamani," akasema.

Nilitaka kuvua glavu.

"Yule wa zamani ni mzuri, ana haraka, ananiimbia. Wewe huimbi. Wewe unashika mtu kama unga." Akaachia. "Usiniambie ni nani. Kesho uje mapema, nina kiuno kibaya siku za theluji."

Nikavua miwani. Tupo alisimama mlangoni na mtoto begani.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anasema ana kiuno kibaya," nikajibu. Na sikumwambia mengine. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia mtoto analia.

*

Arobaini ikaisha. Tukamnyoa Lugano, tukamtoa nje akaliona jua, majirani wakaja, tukapika ndizi na nyama, mtindi ukanywewa mpaka vibuyu vikalia. Tupo alikuwa amenawiri, shingo imejaa, anacheka. Kesho yake alivaa blauzi ya kazi, akakaa kwenye kiti chake, akaweka kidole, akavaa glavu. Mimi nikambeba mtoto nikasimama nyuma yake. Nilisimama karibu mno. Hata alinigeukia akasema, "Bibi, unanipumulia."

Nilisikia nusu yake tu ya mazungumzo, kama yeye alivyosikia nusu yangu.

"Habari za asubuhi, Bi Vendela! … Ndiyo, ni mimi. … Ni mimi Tupo. … Hapana, si … Sawa, nitakukanda. … Hivi? … Hivi? … Pole. Pole sana, basi niambie nifanyeje. … Yupi?"

Akavua miwani. Machozi yalikuwa yameanza.

"Bibi, umemfanya nini yule mzee?"

"Nimemkanda."

"Amenifukuza. Miaka mitatu, Bibi! Miaka mitatu nimemlisha, nimemwimbia, nimemfuta. Ananiambia nenda kaniitie yule mwingine. Ananiambia yule mwingine yuko wapi."

Nikamwambia, "Atazoea." Nilisema huku mtoto nimemkumbatia kwa nguvu, na kifuani kitu kikawa kinaruka, na nilipokichunguza kile kitu nikaona hakikuwa huzuni. Nikaogopa. Mjukuu wangu analia mbele yangu, mimi kifuani kitu kinaruka kama ndama! Nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Bi Vendela hakuzoea. Aliiambia kampuni mtu wake amebadilishwa, arudishwe. Na kampuni ikatutumia afisa.

*

Aliitwa Mshamu. Kijana wa Lindi, hata ndevu hazijakamilika, amevaa koti zito na bado anatetemeka kwa ukungu wetu. Tupo alikuwa amenipanga tangu asubuhi: "Bibi, ukiulizwa, sema ni mimi nilikuwa nakaa, ila uzazi umenibadilisha mikono. Sema hivyo tu. Wakijua tumebadilishana, kiti kimekwenda, na nyumba hii haitapewa kingine."

"Shikamoo, Bibi," Mshamu akasema mlangoni.

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kuposa au kukagua?"

Akacheka. "Kukagua, Bibi."

"Basi mkaguzi anakula kwanza. Hapa kwetu mwenye njaa haulizi maswali."

Alikula ndizi, akanywa mtindi, akamshika Lugano akampakata vizuri, nikaona ana wadogo wengi. Halafu akafuta mikono, akakifungua kibao chake cha kioo. Tupo alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, anakunja na kukunjua kitambaa changu.

"Dada Tupo," akasema, "usihangaike kunidanganya. Kiti kinatambua kidole mwanzoni tu, lakini glavu zinaandika mtetemo wa misuli siku nzima. Aliyekaa wiki zile ni mtu wa miaka sabini na kitu. Tulijua siku ya pili."

Tupo akafunika uso.

"Mbona hamkusema?" nikauliza.

Akakuna kichwa. "Kwa sababu mteja alikuwa ameacha kulalamika, Bibi. Hajawahi kuacha kulalamika tangu apewe chombo." Akashusha pumzi. "Sikilizeni. Sikutumwa kukamata mtu. Nimetumwa tumalize. Bi Vendela anasema akipewa mwingine yeyote anarudisha chombo. Akikirudisha, Dada Tupo unaingia mwisho wa foleni. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Ya pili, na hii sikuisema mimi, hii mmeota: Dada Tupo anaendelea kuweka kidole, Bibi anaendelea kukaa. Ofisini tunaangalia pembeni. Mshahara unakuja hapa hapa."

"Hiyo!" Tupo akainua uso. "Bibi anaweza kunishikia muda, mpaka mtoto akue kidogo, halafu—"

"Ngoja, Dada. Kidole ni chako. Siku anayokaa Bibi inahesabiwa yako. Umebakiwa na miaka mitano ya kiti. Bibi akikaa mitano, imekwisha, na hutapewa mingine. Hata kama wewe hukukaa siku hata moja."

Nje watoto wa zamu ya mchana walikuwa wanapita kwenda shule, kundi refu lisiloisha, vumbi na kelele, mamia kwa mamia. Mshamu akageuka dirishani akawaangalia, na mimi nikawaangalia. Wote wale wataomba kiti.

"Basi haiwezekani," Tupo akasema polepole. "Ni miaka yangu." Akanigeukia, akanishika goti, na sauti yake ikawa laini, ile ya kumwongelesha mgonjwa. "Na hata hivyo Bibi amechoka. Alinisaidia kwa sababu ya arobaini, Mungu ambariki. Hawezi kukaa kutwa nzima ananyanyua mzungu. Kaka Mshamu, andika nirudi foleni. Bibi apumzike. Si ndiyo, Bibi?"

Mshamu akainua kidole juu ya kioo. "Nimalizie hivyo, Bibi?"

Nilimtazama Tupo, niliyemlea tangu mama yake afariki, niliyemchemshia maji kila asubuhi. Nikamtazama Lugano. Mtu mwenye akili timamu angesema ndiyo, au angesema hapana, nitakaa mimi kwa ajili ya mtoto, kwamba mama mtu abaki amnyonyeshe. Neno hilo lilikuja kabisa mpaka mdomoni. Lilikuwa neno zuri, Tupo angelia, Mshamu angeniona mtakatifu. Nikalionja, nikaona si langu.

"Ukirudi foleni," nikauliza, "Bi Vendela atakandwa na nani?"

"Si shida yetu, Bibi," Tupo akasema.

"Hatakandwa," Mshamu akasema.

"Bibi, mbona umebadilika uso? Unaumwa?" Tupo akanipapasa paji la uso. "Sema tu upumzike. Hakuna atakayekulaumu. Umefanya ya kutosha."

Nikautoa mkono wake usoni kwangu. Sikuutoa vibaya. Niliushika, nikaurudisha gotini kwake, nikauacha hapo.

"Sikufanya kwa ajili yako, Tupo," nikasema. "Siku za kwanza, ndiyo. Baadaye hapana."

"Unasema nini, Bibi?"

"Ni miaka yako, naijua. Nimeisikia. Nikiichukua nakuibia, na wewe ndiye mtoto wangu uliyebaki. Umeniuliza kama nataka kupumzika. Sitaki. Nakitaka hicho kiti. Nakitaka mimi."